Charade: mapenzi, kicheko na hofu katika filamu moja

Filamu ya Marekani iitwayo Charade, iliyoongozwa na Stanley Donen, ilitolewa mwaka 1963. Wahusika wakuu ni Audrey Hepburn na Cary Grant, na kisa chake kinatokea jijini Paris.

Regina, mjane kijana, anagundua kuwa marehemu mumewe alificha mali yenye thamani ya dola 250,000, iliyoibwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wezi wenzake wanamwandama mjane huyo wakidai fungu lao. Anayejitokeza kumsaidia ni mwanamume mcheshi ambaye kila mara hugundulika kuwa ametaja jina la uongo.

Hapo ndipo ulipo mvuto wa filamu hii. Swali moja tu, iwapo mtu huyo anaaminika, ndilo linalozaa mapenzi, kicheko na hofu kwa pamoja. Regina anampenda mtu ambaye huenda ndiye muuaji.

Grant, aliyemzidi Hepburn kwa miaka 25, alichelea kuonekana akimwinda msichana. Hivyo mwandishi Peter Stone aligeuza mambo: Regina ndiye anayemtongoza.

Filamu ilitolewa bila tangazo kamili la hakimiliki, na kwa sheria ya wakati huo ikawa mali ya umma nchini Marekani. Nakala zake, nzuri na mbovu, zikaenea. Mwaka 2022, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa.