Kubaini Si Kupima

Pale Kigera, Musoma, mama huujua ugonjwa akishaumenya muhogo. Shambani majani yalikuwa ya kijani na shina limesimama. Kisu kikipita, nyama ina madoa makavu, magumu kama kizibo. Tumeuita ugonjwa huu michirizi ya kahawia, kwa kufuata jina la Kiingereza. Mtafiti Storey aliueleza kutoka Amani mwaka 1936. Kahawia, rangi iliyozaliwa na kahawa, imekaa vizuri. Michirizi haijakaa: hiyo ni alama ya shina, na njaa hutoka kwenye mzizi. Mimi ningesema uozo mkavu wa muhogo.

Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, sina ugomvi nalo. Litamke polepole, utaliona jani lililojikunja na mabaka yake.

Wapo wanaoandika pathojeni. Ya nini, nasi tuna kimelea? Kitenzi mea kimenyambulika kuwa melea, kuota juu ya mwili wa mwingine. Ugonjwa mzima umo ndani ya neno hilo.

Vinasaba vimetoka kwenye nasaba, neno la Kiarabu la ukoo. Watu hulisikia wakawaza Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za baba na mtoto. Lakini kirusi nacho kina ukoo wake, na kwa ukoo huo ndipo maabara humtenganisha mgeni na mwenyeji ndani ya jani moja.

Kazi ya mashine ya maabara inayonakili vinasaba ndiyo inayoharibiwa jina. Tunasoma "kukuza vinasaba". Kukuza ni kufanya kitu kiwe kikubwa. Hapa kipande hakikui hata kidogo, bali kimoja huwa viwili, viwili vinne, na baada ya duru 30 vimepita bilioni moja. Huko ni kurudufisha. Na ile duru ambayo mwanga wa mashine unapanda hadi kuonekana, tuiite duru ya kizingiti. Mwenye jamaa wengi hufika mlangoni mapema: kizingiti kikivukwa katika duru chache, kimelea kilikuwa kingi tangu mwanzo.

Sasa kupima, neno linalonisumbua kuliko yote. Tunapima malaria na tunapima unga. Kupima kwa kwanza kunauliza kama kitu kipo, kwa pili kunauliza ni kiasi gani. Kwenye muhogo tofauti hiyo ni kubwa. Mbegu stahimilivu inaweza kubeba virusi vingi huku imenawiri, na pingili zake zikavihamisha hadi shamba la jirani; mbegu kinzani huvibana visiongezeke. Kipimo cha "vipo" hakizitenganishi.

Kliniki zetu za VVU zimekwisha kutuonyesha njia. Mgonjwa wa kawaida kabisa anasema "wingi wa virusi", na anajua dawa za kufubaza. Tuyachukue maneno hayo tuyapeleke shambani: mbegu kinzani ni mbegu inayofubaza.

Maofisa ugani na waandishi wenzangu, nawaomba: mkirudisha majibu kwa mkulima, mwambieni kwanza kama kimelea kimebainika, kisha mtajieni wingi wake.