Meli Iliyofundishwa Kwenda Polepole

Mei 1960, huko Saint-Nazaire, magharibi mwa Ufaransa, Yvonne de Gaulle, mke wa Rais, aliizindua meli mpya ya abiria iliyopewa jina la nchi yenyewe: France. Urefu wake ulikuwa karibu mita 316. Hakuna meli nyingine ya abiria iliyokuja kuipita kwa urefu hadi Queen Mary 2 ilipojengwa, zaidi ya miaka arobaini baadaye. Charles de Gaulle mwenyewe alikuwepo, na umati ukashangilia chombo kikiserereka majini. Ila ndege za Boeing 707 zilikuwa zimeshaanza kuvuka Atlantiki tangu 1958, zikimaliza kwa saa chache safari ambayo meli hii ingeifanya kwa siku tano. Tuseme ukweli tu: ilizaliwa imechelewa.

Nimekaa na habari za meli hii kwa muda mrefu, na sababu ni moja. Ukimuuliza mtu yeyote kupanda kwa bei ya mafuta kunamfanya nini msafiri wa likizo, atakujibu haraka kwamba nauli inapanda. Sawa, inapanda. Lakini hicho ni kipande kidogo cha habari. Bei ya mafuta, kwa jinsi ninavyoiona mimi, haionekani sana kwenye tiketi. Inaonekana kwenye saa na kwenye ramani: meli inakwenda kwa mwendo gani, inafika wapi, na bandari zipi inazipita bila hata kupiga honi.

Hebu tuanze na mwendo. Maji si barabara. Ukitaka meli iende mara mbili ya mwendo wake, nguvu inayotakiwa haiwi mara mbili, huwa karibu mara nane. Ni kweli safari itakwisha kwa nusu ya muda, lakini hata ukilihesabu hilo, mafuta ya safari nzima yatakuwa kama mara nne. Sasa ile France ilijengwa kwa ajili ya kasi. Ilikuwa na boila nane za kutengeneza mvuke, vyumba viwili vya mashine na rafadha nne, na ilikata bahari kwa noti 30, yaani kama kilomita 55 kwa saa, usiku na mchana, ikiwa imebeba watu wapatao 2,000 pamoja na vitanda vyao, jikoni zao na mvinyo wao. Ulafi wa chombo cha namna hiyo hauna mfano. Jahazi la kaskazi lilimngoja Mungu alete upepo, na upepo haukuwa na bei. Huyu alikuwa anakula kila saa.

Alipoanza safari za New York mwezi Februari 1962, mafuta yalikuwa rahisi kiasi kwamba ulafi huo uliweza kuvumilika. Kuvumilika tu, nasema, maana hata wakati huo nauli za abiria hazikutosha. Serikali ilikuwa ikiipa ruzuku kampuni iliyoiendesha, Compagnie Générale Transatlantique, kwa ajili ya heshima ya taifa. Na majira ya baridi, Atlantiki ya kaskazini ikichafuka na abiria wakipungua, meli ilitumwa kwenye bahari za joto kutembeza matajiri. Haikuumbwa kwa kazi hiyo. Bwawa lake la kuogelea la juu lilikuwa limefunikwa kwa kuba la kioo lisilofunguka. Fikiria mtu amelipa fedha zote hizo kufuata jua la Karibi, halafu anaogelea chini ya kioo!

Mwaka 1972 ilizunguka dunia. Ilikuwa pana mno kupita Panama, na Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa tangu vita vya Juni 1967, kwa hiyo ikalazimika kuzunguka ncha zote mbili, ya Amerika Kusini na ya Afrika. Mkwaju wa namna hiyo leo hakuna mhasibu atakayeusaini.

Hapo kwenye Suez ndipo sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunapoingia katika kisa hiki, japo kwa mlango wa nyuma. Kampuni ya British India ilikuwa na meli mbili, Kenya na Uganda, zilizokuwa zikifanya safari kati ya London na pwani yetu kupitia Suez. Evelyn Waugh alipokuja huku mwaka 1959, safari aliyoiandikia kitabu chake A Tourist in Africa, alipanda meli ya kampuni nyingine, Rhodesia Castle, kutoka Genoa hadi Mombasa. Meli hizi zilikuwa usafiri wa kawaida: maofisa, wamisionari, wanafunzi waliokuwa wanakwenda kusoma, mizigo ya pamba na kahawa chini. Ndege zilikuwa zimeshaanza kuwachukua abiria hao, na utawala wa kikoloni uliokuwa ukizijaza ulikuwa umeondoka. Mfereji ulipofungwa, njia ikarefuka kwa maelfu ya maili, na kila maili ina mafuta yake. Uganda ikageuzwa kuwa meli ya kuwatembeza wanafunzi wa Uingereza. Kenya ikauzwa ikavunjwa mwaka 1969. Sijui kama kuna aliyeandika shairi la kuziaga pale Kilindini. Kama lipo, ningependa kulisoma.

Turudi kwa France. Oktoba 1973 vita vilizuka tena Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikakata mafuta, na OPEC ikapandisha bei. Pipa lililokuwa likiuzwa kwa takriban dola 3 lilifika zaidi ya dola 11 Januari 1974. Piga hesabu mwenyewe kwa chombo chenye boila nane. Nauli isingeweza kupandishwa mara nne, kwa sababu abiria angekwenda zake uwanja wa ndege. Ndege nazo zilikuwa zinalia kwa bei hiyo hiyo, lakini zilikuwa zinalia kwa saa saba, si kwa siku tano.

Kwa hiyo iliyobaki ilikuwa ruzuku, na ruzuku ikakatwa. Valéry Giscard d'Estaing alikuwa ameingia madarakani Mei 1974, na msimu huo huo wa kiangazi ikatangazwa kwamba meli itaondolewa kazini kabla ya mwaka kwisha. Fedha za umma, wakati huo huo, ziliendelea kumiminwa kwenye Concorde, ndege ambayo kwa kunywa mafuta haikuwa na tofauti kubwa na marehemu mtarajiwa. Taifa halikuacha anasa. Lilibadilisha tu anasa ya kujivunia.

Septemba 1974, France ikirudi kutoka New York, mabaharia waliiteka meli yao wenyewe. Hawakumdhuru mtu. Walitia nanga kwenye njia ya kuingilia bandari ya Le Havre, wakaifunga. Abiria wapatao 1,200 ikabidi washushwe kwa vyombo vidogo, na wafanyakazi kama 800 wakabaki ndani wakidai meli iendelee kufanya kazi na mishahara iongezwe. Walikaa hivyo kwa wiki kadhaa. Hawakupata walichodai.

Nikisoma kisa hiki, upande wangu haubadiliki. Najua hesabu zilikuwa zinaikataa meli ile, tena nimezieleza hapo juu. Lakini wahudumu wa mezani, wapishi, mafundi wa boila, hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa meli ijengwe kwa kasi gani. Hawakupanga bei ya pipa, hawakupanga ruzuku, na ndio waliotolewa nje kwanza. Wanahistoria wa meli hupenda kuandika kurasa nyingi juu ya mapambo ya ukumbi wa chakula, halafu mgomo huu unapewa aya moja. Mimi ningegawa kurasa hizo vingine.

Desemba hiyo meli ilivutwa hadi kwenye gati la mbali bandarini, gati ambalo Wafaransa walikuja kuliita gati la usahaulifu. Mwaka uliofuata mwimbaji Michel Sardou akatoa wimbo unaoitwa Le France, ambamo meli yenyewe ndiyo inayosema, ikiikana nchi iliyoitelekeza. Sisi wa fasihi tunalo neno la hilo, tashihisi, na tunalifundisha kama pambo la lugha. Kwa watu wa Le Havre na Saint-Nazaire nadhani halikuwa pambo. Wa Le Havre walikuwa wanaiona kila siku pale gatini, imezimwa taa.

Ikakaa miaka karibu mitano. Mwaka 1977 ilinunuliwa na Akram Ojjeh, tajiri wa Saudi Arabia, nchi ya mafuta hiyo (historia nayo ina kejeli zake), lakini mipango yake haikutimia. Kisha 1979 akaja Mnorwei, Knut Kloster, mwenye kampuni ya meli za matembezi iliyoendesha shughuli zake kutoka Miami. Aliinunua kwa dola milioni 18, akaipeleka Bremerhaven, Ujerumani, na huko wakaifanyia jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo kiini cha mambo yote.

Walifunga chumba kimoja cha mashine kati ya viwili. Wakang'oa rafadha mbili kati ya nne. Sitaha zikafunguliwa jua lipate kuingia, na bwawa likawekwa nje, panapostahili. Meli iliyokuwa ikikimbia noti 30 ikawa inakwenda chini ya 20, ikabadilishwa jina ikaitwa Norway, na mwaka 1980 ikaanza kuzunguka Karibi kwa safari za wiki moja moja kutoka Miami.

Waliokuwa wanaipenda walisema imekatwa miguu. Lakini angalia ujanja wake. Mtu wa New York alikuwa analipa ili afike, na kila saa ya kuchelewa ni hasara kwake. Mtu wa Miami anashuka pale pale alipopandia, hana anakokwenda. Kwake mwendo wa polepole si kasoro. Ni siku moja zaidi ya kulala juani, kula, kunywa na kucheza kamari, na kila glasi ina bei yake. Mafuta yanayookolewa usiku kwa kwenda taratibu yanakuwa faida asubuhi. Norway ilizama kina kirefu mno kuweza kufunga kwenye magati ya visiwani, basi ilitia nanga nje na kuwashusha watu kwa vyombo viwili vikubwa ilivyovibeba yenyewe. Haikuzuia biashara. Chombo kilichouawa na bei ya mafuta kikafufuka kwa kuacha kukimbia, na ukubwa wake, uliokuwa mzigo, ukawa ndio mtaji. Washindani wakaona. Royal Caribbean wakaagiza jitu lao, Sovereign of the Seas, lililoanza kazi 1988. Lilijengwa wapi? Saint-Nazaire.

Queen Elizabeth 2 ya Waingereza ilipita njia nyingine: kati ya 1986 na 1987 iling'olewa mitambo yote ya mvuke, huko huko Bremerhaven, ikawekewa injini tisa za dizeli zilizopunguza mafuta kwa karibu theluthi. Sasa ni hoteli, imefungwa gatini Dubai.

Kuhusu nauli zenyewe, mwaka 2008 ni somo zuri. Pipa lilifika dola 147 Julai mwaka huo. Miezi kadhaa kabla yake Carnival ilikuwa imeanza kutoza malipo ya ziada ya mafuta, dola 5 kwa siku kwa kila mtu, na wenzao wakafuata. Ugomvi mkubwa uliotokea haukuwa juu ya dola tano. Ulikuwa juu ya kuwatoza hata watu waliokwisha kukata tiketi kabla ya tangazo. Mwanasheria Mkuu wa Florida akaingilia kati na fedha za hao zikarudishwa. Kampuni hizi hazipendi kugusa nauli. Nauli ndogo ndiyo inayojaza vyumba, na chumba kilichojaa ndicho kinachonunua vinywaji. Ni rahisi zaidi kuondoka bandarini saa mbili mapema ili meli isikimbie usiku, kufuta kisiwa cha mbali, au kuwapeleka wageni kwenye kisiwa chako mwenyewe kilicho jirani. Kampuni ya Kloster ilikuwa na kimoja tangu 1977, Great Stirrup Cay huko Bahama. Abiria anayelipa nauli ile ile anaweza asijue kabisa kwamba ameuziwa bahari fupi zaidi.

Kwa sababu hiyo, mtu akinieleza kwamba bei ya mafuta ni shida ya matajiri wa likizo, mimi huwazia bandari za mwisho wa ramani. Mombasa na Zanzibar ziko mbali na Miami, mbali na Barcelona, na meli nyingi hutupitia zikihama kutoka bahari moja kwenda nyingine kwa msimu. Mwishoni mwa 2023 Bahari ya Shamu ilipokuwa ya hatari kwa mashambulizi, kampuni kadhaa zikafuta au kugeuza safari, na mzunguko wa Rasi ukarudi mezani, pamoja na hesabu yake ya mafuta. Kwenye ofisi za huko, bandari inafutwa kwa mstari mmoja. Huku, kuna dereva wa teksi, mwenye mashua, na mchonga vinyago aliyekwisha kununua mpingo.

Norway yenyewe iliendelea hadi Mei 2003. Ikiwa gatini Miami, boila moja, kati ya zile za tangu enzi za France, ilipasuka na wafanyakazi wanane wakafariki. Haikubeba abiria tena. Iliishia Alang, ufuo wa India ambako meli hupandishwa mchangani na kukatwa vipande. Kesi juu ya asbesto iliyokuwa ndani yake ilifika hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na ruhusa ikatolewa. Kufikia 2008 ilikuwa karibu imekwisha yote, isipokuwa ncha ya omo, ambayo ilirudishwa Ufaransa na kuuzwa kwa mnada. Tangu 2018 iko Le Havre, imesimamishwa karibu na maji.