Dagaa wabichi kilo nne, wakikauka kilo moja na robo: nyingine zimekwenda wapi?

Wadau, leo tuache siasa na mpira kidogo. Kuna wadogo zetu kibao wanaingia chumba cha mtihani na sentensi moja tu kichwani: maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Wameikariri kama kasuku. Muulize huyo huyo kwa nini maharage yanachelewa kuiva Sumbawanga mjini kuliko Wampembe, atakwambia ni aina ya maharage. Basi tushuke Wampembe, maana kule somo zima la maada na nishati limeanikwa mchangani.

Kwa wasiopajua, Wampembe ni kata ya Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Unatoka juu Ufipa, unashika barabara ya Kitosi, unateremka mpaka unaliona ziwa. Na somo linaanzia hapo hapo kwenye mteremko. Gari likiwa juu lina nishati iliyotunzwa kwa sababu ya kimo chake. Likishuka, ile nishati lazima iende mahali. Lori la tani 10 likiteremka mita 1,000 linatoa nishati ya kutosha kuchemsha maji lita 300 hivi! Dereva akitegemea breki peke yake, joto lote hilo linaishia kwenye breki, ndiyo ile harufu ya kuungua inayowafanya abiria waanze kusali. Anayejua kazi yake anaweka gia ndogo, injini inabeba sehemu ya mzigo.

DAGAA MCHANGANI

Sasa swali letu. Mama anaanika dagaa wabichi kilo nne, jioni anapima kilo moja na robo. Mzani umeiba? Jua limekula? Hapana. Samaki mbichi, kama robo tatu ya uzito wake ni maji. Kwenye kilo nne, maji ni kama kilo tatu, na karibu yote yameondoka yakiwa mvuke. Hayajapotea, yako hewani. Ungeweza kuukusanya ule mvuke wote na kuupoza, ungepata maji yale yale, kilo mbili na robo tatu.

Hapa wengi wanauliza: maji si yanageuka mvuke yakichemka tu? Hapana bwana. Maji ni vipande vidogo sana, molekuli, ambavyo havitulii hata sekunde moja. Vingine vinakwenda taratibu, vingine mbio. Vyenye mbio kali vikifika juu vinachomoka hata kama maji hayajachemka. Vinavyobaki ni vya polepole, ndiyo maana ukitoka kuoga ziwani na upepo ukikupiga, unatetemeka hata jua likiwa kali. Mvuke umeondoka na joto la mwili wako.

Na joto hilo si dogo. Kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja kunataka kilojuli 4.2 tu. Kuigeuza kilo hiyo hiyo iwe mvuke kwenye joto la kawaida la mchana kunataka kama kilojuli 2,400. Fanya hesabu ya mtu mwenye kilo 100 za dagaa wabichi: anatakiwa kuondoa maji kilo 70 hivi, yaani kilojuli kama 170,000. Kuni kavu zina kilojuli 16,000 hivi kwa kilo, kwa hiyo kilo 11 zingetosha... kama joto lote lingefika kwa samaki. Kwenye mafiga matatu inafika kama sehemu moja ya kumi, nyingine inapasha hewa. Kilo 11 zinakuwa zaidi ya 100! Jua linaifanya kazi hiyo bure, ndiyo maana miti ya pale bado ipo ipo.

Tabu inakuja mvua zikianza, Novemba mpaka Aprili. Siyo kwamba joto hakuna. Hewa yenyewe imeshashiba mvuke, kila molekuli inayotoka kwenye samaki, nyingine inarudi. Dagaa wanakaa siku mbili tatu, wanaanza kunuka, na aliyekuwa na mzigo wa chakula cha watu anauuza kama chakula cha kuku. Ada ya mtoto imekwenda hapo.

Dawa ya kwanza ni kichanja. Kwenye mchanga, upande wa chini wa samaki umefungwa, mvuke hauna pa kutokea. Kwenye kichanja cha waya kilichoinuliwa, upepo unapita juu na chini na kuusomba mvuke kabla haujarudi. Burundi, ziwa hili hili, shirika la FAO lilianza kuhimiza vichanja mwaka 2004. Faida nyingine kila mlaji anaijua: dagaa wasio na mchanga.

MAHARAGE YA SUMBAWANGA

Niliahidi maharage. Uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya bahari, Sumbawanga mjini iko juu zaidi ya hapo kwa karibu mita 1,000. Kule juu hewa inayokandamiza maji ni pungufu, kwa hiyo molekuli zinachomoka kirahisi: maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati Wampembe ni 97 na kitu. Yakishachemka hayapandi tena, hata uchochee kuni za kijiji kizima. Unazidisha mvuke tu. Punguza moto, funika sufuria, subiri.

ZIWA LENYEWE

Hili ndilo linaloniumiza kichwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mpaka mita 1,470. Vyote vinavyokufa juu, samaki na vimelea vya majani, vinazama na kuoza kule chini. Mbolea yote ya ziwa iko huko. Haijapotea, kama maji ya dagaa hayajapotea. Imefungiwa tu.

Kinachoifungia ni joto. Maji ya juu ni ya moto kidogo kuliko ya chini, tofauti ya nyuzi chache. Ndogo? Chukua simtanki mbili za lita 1,000, moja nyuzi 25, nyingine 26. Ya nyuzi 26 ni nyepesi kwa kama robo kilo. Tandaza tofauti hiyo kwenye ziwa zima, maji mepesi yanaelea juu kama mfuniko, na kuyachanganya na ya chini kunataka nishati. Anayeitoa ni upepo.

Mwaka 2003 tafiti mbili kubwa zilionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto haraka kuliko ya chini, na kuchanganyika kumepungua. Mbolea haipandi, vimelea vya majani vinapungua, dagaa wanakosa cha kula, mgebuka naye anamkosa dagaa. Nyavu haramu na wingi wa mitumbwi vimechangia, hilo lisifichwe. Lakini hata karabai zikizimwa zote usiku mmoja, joto litabaki pale pale.

Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Miezi hiyo hiyo ndiyo kusi linavuma: linasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na huku kusini maji baridi ya chini yanapanda na mbolea yake kuziba nafasi.