KADI YA KLINIKI ILITOKA WAPI?

Leo chukua kijitabu cha kliniki cha mtoto wako, ufungue ukurasa wenye mistari iliyopinda. Nataka tujue mistari hiyo ilitoka wapi.

Kupima mtoto na kuandika si jambo la jana. Huko Ufaransa, bwana mmoja aitwaye Philibert Guéneau de Montbeillard alianza kupima urefu wa mwanawe aliyezaliwa mwaka wa 1759. Aliendelea hadi mwaka wa 1777, kijana alipokuwa na miaka 18 hivi. Rekodi ya baba huyo ilionyesha kitu ambacho macho matupu hayaoni: mtoto hakui kwa mwendo mmoja. Hukua haraka akiwa mchanga, hupunguza mwendo, kisha hukimbia tena anapobalehe.

Lakini kadi ya kilo ina historia yake hapa Afrika. Mwaka wa 1956 daktari wa watoto kutoka Uingereza, David Morley, alikwenda kufanya kazi Ilesha, nchini Nigeria. Katika kijiji cha Imesi-Ile, watoto wengi walikuwa wakifa kabla ya kufika miaka mitano. Surua, kuhara na utapiamlo viliwamaliza. Mtoto wa utapiamlo hugonjeka polepole. Kabla miguu haijavimba, kilo huwa zimesimama kwa miezi. Bila rekodi, nani atajua?

Morley na wenzake walianzisha kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano. Kila mtoto alipopimwa, nukta iliwekwa kwenye kadi. Mistari miwili iliyochapishwa ilikuwa kama kingo za barabara, ndiyo maana kadi ikaitwa Barabara ya Afya. Na kadi hiyo haikufungiwa kabatini hospitalini. Mama alikwenda nayo nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki, akaitunza.

Mwaka wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya. Watoto zaidi ya 8,000 walipimwa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Ilionekana kwamba watoto wadogo wakinyonyeshwa na kutunzwa vizuri, hukua karibu sawa popote walipo.

Sasa nikwambie kosa langu. Siku moja kliniki ilikuwa na foleni ndefu, nikaandika kilo za mtoto, 7.8, nikamwita mwingine. Mwezi uliofuata, 7.8. Mwezi wa tatu, 7.7. Niliandika namba tu, sikuchora mstari. Mwezi wa nne nyanya yake ndiye aliyemleta, akaniuliza, "Sista, mbona huyu hasongi?" Tulipounganisha nukta, mstari ulikuwa umelala kama mkeka. Mtoto alitibiwa na kulishwa, akapona. Lakini aliyeona hatari hakuwa mimi.

Kwa hivyo mama, usingoje sista peke yake. Mstari ukipanda, mtoto anakua, endelea hivyo. Mstari ukilala, uliza sababu siku hiyo hiyo. Mstari ukishuka, usirudi nyumbani kabla mtoto hajaangaliwa vizuri. Kilo za siku moja hazisemi mengi; tazama mstari unaelekea wapi.

Tena, wengi wetu huacha kliniki baada ya chanjo ya surua ya miezi tisa. Huo ndio wakati mtoto anatambaa, anaokota uchafu, anaanza kutegemea chakula cha nyumbani. Chanjo ya pili ya surua ni miezi 18, na kupima kilo kunaendelea hadi miaka mitano.

Kijitabu hicho ni chako. Kiweke pakavu, mbali na panya na watoto. Ukienda kliniki, kabla hujaondoka sema, "Sista, nichoree mstari nione."

Kwaheri, hadi kipindi kijacho.