Volteji ya Kupindukia

Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 huota kuvu ghalani, kwa hiyo kifaa cha bei nafuu cha kupima unyevu na joto la nafaka kina faida ya wazi kwa mkulima wa Kitale au Bungoma. Fundi kijana anaweza kukiunda mwenyewe kwa maikrokontrola, kihisi na betri ya sola ya volti 12. Sehemu dhaifu ya kifaa hicho ni ingizo la analogia, yaani pini inayopokea volteji inayopanda na kushuka na kuigeuza kuwa namba. Kwenye ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, namba hizo ni 0 hadi 1023.

Pini ikiungua, fundi husema stima ilikuja kubwa. Wapo pia wanaoandika "msongo mkubwa", na hao ndio ninaobishana nao. Msongo mkubwa ni umeme wa maelfu ya volti unaopita kwenye nyaya za nguzo. Mwanafunzi akilisikia jina hilo ataihofia soketi ya volti 240, kisha waya wa betri auchomeke popote.

Napendekeza volteji ya kupindukia. Huwezi kupindukia pasipo mpaka, na mpaka ndio kiini cha jambo hili. Mtengenezaji wa ATmega328P ameuandika: nusu volti juu ya volteji inayoilisha chipu, na nusu volti chini ya sifuri. Chipu ikilishwa volti 5, mwisho ni 5.5. Kwa chipu ya ESP32, inayolishwa volti 3.3, hata volti 5 zimeshapindukia. Tena bodi ikizimwa, mpaka huanguka pamoja na umeme wake: kihisi chenye betri yake kikiendelea kutoa volti 2 tu, kinasukuma mkondo ndani ya chipu isiyo na umeme. Volti 2 hakuna atakayeziita kubwa, ila hapo zimepindukia.

Kinga huanza na kigawa-volteji. Rezista ya kiloomu 30 juu na ya kiloomu 10 chini hupunguza volteji hadi robo, hivyo betri inayochajiwa kwa volti 14.4 inafika kwenye pini ikiwa 3.6. Kumbuka kwamba paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 21 au zaidi isipounganishwa na mzigo. Robo ya volti 21 ni 5.25, bado chini ya mpaka wa 5.5 wa chipu inayolishwa volti 5.

Ajali yenyewe ni waya kuchomekwa mahali pasipo pake. Kwa hiyo weka rezista nyingine, kiloomu 10, karibu na pini, pamoja na diodi mbili za Schottky: moja kuelekea ugavi, yaani volteji inayoilisha chipu, nyingine kuelekea ardhi. Hizi ni diodi za kubana. Volti 24 zikiingia kwa bahati mbaya, rezista inaruhusu chini ya miliampea 2, na diodi inaushikilia mguu wa chipu takriban theluthi ya volti juu ya ugavi. Chipu ina diodi zake ndani, lakini ni dhaifu. Usizitwike kazi hii. Kapasita ya nanofaradi 100 kutoka kwenye pini hadi ardhini hutuliza usomaji. Jihadhari na kifaa kinachotumia umeme kidogo mno: mkondo unaopita kwenye diodi ya juu unaweza kuupandisha ugavi wenyewe, na hapo diodi ya Zena ya kubana ugavi inahitajika.

Radi ni suala jingine. Magharibi ya Kenya hupigwa radi mara kwa mara, na diodi ndogo haiwezi kuikabili. Panahitajika waya wa ardhi na vizuia-radi.

Walimu wa ufundi wa Kitale na Bungoma, andikeni "volteji ya kupindukia" ubaoni, na kila mara andikeni kando yake mpaka wa pini inayozungumziwa.