Madresa wa Tanganyika na Bei ya Tiba

Mtu atakaye kujua kwa nini tabibu ni adimu katika wilaya za bara, ilhali mjini Dar es Salaam vibao vya zahanati za binafsi vimefuatana mtaa kwa mtaa, hana budi kurudi nyuma hadi zama za ukoloni, kwa kuwa ugawaji huu haukuzuka jana. Wajerumani walipojenga hospitali ya Ocean Road, iliyokamilika mwaka 1897, waliikusudia kwa Wazungu. Waafrika na Wahindi walipata hospitali yao kwa sadaka ya tajiri Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka huo huo. Tangu hapo tiba ilifuata makazi ya wakubwa na mifuko ya wenye nazo, na mwenye kukaa mbali na bahari aliachiwa mizizi yake, mkunga wake na Mola wake.

Waingereza waliporithi nchi walikuta eneo kubwa, watu waliotawanyika, na hazina isiyoweza kuajiri daktari kwa kila wilaya, sembuse kwa kila tarafa. Mkuu wa idara ya tiba, Dokta John Owen Shircore, ndiye aliyeanzisha mpango wa mwaka 1926 ambao kwa rai yangu ni mzazi wa zahanati zetu zote: vijana wachaguliwe na machifu wao, wapelekwe katika hospitali ya serikali iliyo karibu, wafundishwe kwa muda mfupi kuosha na kufunga vidonda na kutoa dawa chache za maradhi yaliyozoeleka, kisha warejee kwao kuwahudumia ndugu zao. Watu hao waliitwa madresa. Banda la dresa aghalabu lilikuwa la miti na udongo, na ujira wake haukutoka katika hazina kuu bali katika hazina ya utawala wa wenyeji, yaani katika fungu la kodi lililorudishwa kwa machifu. Msomaji na aitazame hesabu hiyo kwa makini, maana ndani yake imo dhuluma ya kimya: mkaazi wa mji mkuu alitibiwa na daktari kwa gharama ya serikali nzima, na mkulima wa mbali alitibiwa na dresa kwa gharama ya wanakijiji wenziwe.

Pamoja na hayo siwezi kuungana na wale waliowacheka madresa kwa uhaba wa elimu yao. Katika miaka hiyo maradhi ya buba yalikuwa yakiwaharibu watu ngozi na mifupa, na dawa ya kudungwa ilipofika vidonda vilikauka mbele ya macho ya watu katika siku chache, hata imani ya sindano ikaenea nchini kuliko mahubiri yoyote ya siha. Na imani hiyo haikuletwa na profesa wala na kitabu, ililetwa na mtu mwenye sindano aliyefika karibu na mgonjwa.

Madaktari wa Kiafrika nao walikuwa wakitoka chuo cha Makerere, wachache mno, na waliajiriwa kwa cheo na mshahara wa chini kuliko Mzungu mwenye kazi ile ile. Miongoni mwao alikuwa Dokta Vedasto Kyaruzi, aliyechaguliwa mwaka 1950 kuwa rais wa TAA, chama cha siasa cha Waafrika wa Tanganyika, na ambaye serikali, ilipoona siasa zake zinapamba moto mjini, ilimhamishia hospitali ya gereza la Kingolwira karibu na Morogoro, kisha ikampeleka Nzega. Kisa hiki husimuliwa katika historia ya siasa, lakini mimi nakitaja kwa sababu nyingine: dola yenyewe ilimtoa daktari mjini na kumtupa bara kwa kumwadhibu. Tutashangaa vipi basi kwamba daktari kijana wa leo, apokeapo barua ya kupangiwa kituo cha mbali, huisoma kama hukumu?

Palipokuwa na tabibu aliyekwenda bara kwa ridhaa yake, aghalabu alikwenda kwa ajili ya dini. Mwingereza Leader Stirling alifika kusini mwaka 1935 akiwa mpasuaji wa misheni, akafanya kazi huko Masasi na Lulindi katika majengo ya kimaskini kabisa, akazeeka akiwa raia wa nchi hii, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 akawa Waziri wake wa Afya.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 madaktari wazalendo walikuwa 12. Mwalimu Nyerere alipenda kuirudia hesabu hiyo, na haikuhitaji kutiwa chumvi. Chuo cha udaktari kikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Na mwaka 1964 ikatoka ripoti ya Profesa Richard Titmuss na wenzake, iliyoshauri kwamba nguvu ziwekwe katika vituo vya afya vya vijijini na katika watumishi wa daraja la kati, badala ya kusubiri madaktari watoshe. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na hasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, fedha zikaanza kweli kuelekezwa vijijini. Mrithi wa dresa akapewa mafunzo marefu zaidi na jina la mganga msaidizi vijijini. Juu yake akawekwa mganga msaidizi wa kituo cha afya, na juu ya huyo daktari msaidizi, ambaye katika wilaya nyingi ndiye aliyeshika kisu na kumpasua mzazi aliyekwama, hali daktari mwenye shahada hakuwako. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kuzunguka redio, wakajifunza na kisha kuchimba vyoo. Matibabu ya serikali yalikuwa bure, na sheria ya mwaka 1977 ikapiga marufuku tiba ya kutafuta faida.

Kisha ikaja dhiki. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliacha zahanati zikiwa na mganga asiye na dawa, hata masanduku ya dawa muhimu yakawa yakiletwa kwa msaada wa wahisani. Mwaka 1991 tiba ya faida ikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ada ikarudishwa katika hospitali kubwa, na baadaye ikashuka ngazi kwa ngazi. Na mwaka huo huo wa 1993 ajira za serikali zikasitishwa, kwa hiyo raia alianza kutozwa wakati ule ule alipopunguziwa wa kumhudumia. Huko Igunga, mwaka 1996, ulijaribiwa mfuko wa afya ya jamii: kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka na serikali ikaongeza kiasi kama hicho, mpango ulioitwa tele kwa tele. Wengi hawakujiunga, na sababu yao ilikuwa nyepesi: kadi haikuwa na manufaa palipokosekana dawa.

Wala ada si gharama yote. Mama aliye kilomita 40 kutoka hospitali ya wilaya hulipa nauli yake na ya ndugu anayemuuguza, hulipa chakula cha siku za kulazwa, hupoteza siku za palizi, na mwishowe huandikiwa dawa akanunue duka la nje. Msamaha wa ada kwa wajawazito, wazee na watoto chini ya miaka mitano haumrudishii hata senti moja ya nauli hiyo. Dresa wa 1926, pamoja na ujinga wake wote, aliiondoa gharama hii kubwa kuliko zote kwa kukaa tu pale mgonjwa alipo.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nawaomba wanaoitekeleza waanze kwa kuhesabu wanaolala katika nyumba za watumishi za zahanati, mkoa kwa mkoa, na kuwalipa hao vizuri zaidi ya wenzao wa mjini, kisha ndipo wahesabu kadi.