Noti chakavu: Namba yake inasema nini?

Noti inayolipwa kwa kahawa milimani Mbinga, kisha ikateremka hadi kwa wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli, hupitia vumbi, jasho na maji ya Ziwa Nyasa. Inapofifia rangi na kuchanika, kinachoitofautisha na nyingine zote ni namba yake.

Namba ya noti ya Tanzania huwa na herufi mbili na tarakimu saba, nayo huchapishwa mara mbili. Hivyo noti ikichanika katikati, namba za pande mbili zinaweza kulinganishwa. Zikitofautiana, hivyo ni vipande vya noti mbili vilivyounganishwa.

Hata hivyo, namba haibebi jina la mwenye fedha. Nyendo za noti hufuatika pale tu mtu anapoandika namba yake. Nchini Marekani, tangu mwaka 1998 wananchi wamekuwa wakiandikisha namba za dola katika tovuti ya Where's George?. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Dirk Brockmann walitumia kumbukumbu za noti 464,670 kueleza jinsi watu wanavyosafiri. Aliyeibiwa fedha bila kuandika namba zake hana alama ya kuzitambulisha.

Noti zilizochakaa kwa matumizi ya kawaida hupelekwa benki za biashara, nazo huziwasilisha Benki Kuu ya Tanzania (BoT), ambako zisizofaa huharibiwa. Noti iliyoungua, kuoza au kupungua kipande huhitaji kukaguliwa, na uamuzi wa kuilipa ni wa BoT. Kwa wakazi wa Ruvuma, matawi ya jirani ya BoT yako Mbeya na Mtwara.

Namba kamili pekee haitoshi, kwani toleo nalo lina uzito. BoT ilitoa muda wa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kubadilisha noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ya Sh500 ya mwaka 2010, ambayo sarafu yake ilianza kutolewa mwaka 2014 kwa sababu noti hiyo ilichakaa upesi. Baada ya tarehe hiyo noti hizo si fedha halali, hata zikiwa safi ndani ya kibubu.

Kwa mwenye noti iliyoharibika, la busara ni kuikausha kivulini, kutunza vipande vyote, kutoibandika gundi juu ya namba na kuipeleka benki mapema.